Nasima na Nandi: Faru mama wawili waliopishana katika njia ya Uganda

Gari litokalo katikati ya Kampala kuelekea Entebbe hupita Katwe, kati ya karakana za wahunzi na mafundi wa kuchomelea vyuma. Muhula unapokaribia kwisha, mabasi ya shule hupita njia hiyohiyo, yamejaa watoto wanaokwenda kuwatazama wanyama katika kituo kilicho kando ya Ziwa Victoria. Jina rasmi la mahali hapo ni Kituo cha Elimu ya Uhifadhi wa Wanyamapori cha Uganda, UWEC, lakini wakazi wengi wa Kampala hawajaacha kukiita zuu, kama kilivyojulikana zamani. Kilianzishwa mwaka 1952. Mtoto wa Katwe ambaye hajapata kuona mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wa Ankole hukutana hapo na simba na sokwe. Waliotembelea kituo hicho mwanzoni mwa karne hii waliwakuta pia faru wawili, Sherino na Kabira.

Sherino na Kabira, dume na jike, waliletwa kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kuwarejeshea Waganda sura ya mnyama ambaye nchi yao ilikuwa imempoteza kabisa. Walikuwa na chakula, daktari na ulinzi. Mtu angetarajia kwamba baada ya muda kungepatikana ndama. Haikuwa hivyo. Ndama wa kwanza wa faru kuzaliwa katika ardhi ya Uganda baada ya zaidi ya robo karne alizaliwa mwaka 2009, na hakuzaliwa Entebbe. Alizaliwa katika nyika ya Nakasongola, kilomita zipatazo 170 kaskazini mwa Kampala, na mama yake alikuwa mgeni kutoka Marekani.

Kwa nini jike anayelishwa vizuri na kulindwa usiku na mchana akae bila kuzaa, ilhali mwenziwe azae mara kwa mara? Swali hili limewasumbua wenye mabustani ya wanyama kwa miongo mingi, na kwa Uganda jibu lake limefungamana na maisha ya faru mama wawili. Mmoja, Nasima, alikamatwa Uganda akapelekwa kuishi zuu za Ulaya. Mwingine, Nandi, alitolewa katika bustani ya Marekani akaletwa Uganda.

Mama mwenye dola nyuma yake

Miongoni mwa kina mama wa zuu, hakuna anayejulikana duniani kama panda mkubwa wa China. Mei Xiang, jike aliyekaa katika zuu ya taifa mjini Washington tangu Desemba 2000 hadi Novemba 2023, alilea watoto wanne huku kamera zikimtazama na watu wa nchi nyingi wakimfuatilia kwenye intaneti. Umaarufu huo haukuja bure. Panda jike hupata siku moja hadi tatu tu kwa mwaka ambazo aweza kushika mimba. Mtoto wake huzaliwa akiwa na uzito wa takriban gramu 100, kiasi cha kipande kidogo cha sabuni, hajafumbua macho, naye mama mwenye uzito wa kilo mia humkumbatia kifuani kwa siku za mwanzo bila hata kutoka kwenda kula. Akizaa pacha, aghalabu humlea mmoja na kumwacha wa pili. Watunzaji wa China walibuni ujanja wa kuwabadilisha watoto hao, mmoja kwa mama na mwingine kwenye mashine ya joto, ili kila mmoja apate zamu ya kunyonya.

Lakini panda ana kitu kingine ambacho mama wengi wa zuu hawana: serikali yenye nguvu iliyo tayari kumgharimia. China huwakodisha panda kwa nchi nyingine, huwahesabu watoto wanaozaliwa ugenini kuwa mali yake, na imetenga misitu ya mianzi kwa ajili ya jamaa zao walio porini. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimtoa panda katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka na kumweka katika kundi lenye hatari ndogo zaidi. Ni mnyama wa zuu ambaye kwao bado kupo.

Faru wa Uganda hakupata bahati hiyo.

Jina la faru mweupe lisimpotoshe msomaji, kwa maana rangi yake ni ya kijivu sawa na ile ya faru mweusi. Kinachowatofautisha ni mdomo. Mweupe ana mdomo mpana wa kukatia nyasi chini, na mweusi ana mdomo wenye ncha wa kuvutia majani ya vichakani. Jike wa faru mweupe hufikisha kilo 1,600 au zaidi, na hubeba mimba kwa muda wa miezi 16 hivi, karibu mara mbili ya mwanadamu. Ndama huanguka duniani akiwa na kilo 40 hadi 60, husimama kabla ya saa nyingi kupita, na baada ya siku chache humfuata mama malishoni. Au tuseme humtangulia: ndama wa faru mweupe hutembea mbele ya mama yake, na mama humwelekeza kwa pembe kutoka nyuma, ilhali ndama wa faru mweusi huja nyuma ya mama. Watu wanaofuata nyayo porini huijua tofauti hiyo.

Ndama hunyonya kwa zaidi ya mwaka mmoja na hukaa na mama miaka miwili hadi mitatu, mpaka mdogo wake anapokaribia kuzaliwa na mama akamfukuza. Muda huo si wa maziwa pekee. Ndani yake ndama hujifunza maji yako wapi wakati wa kiangazi, tope gani la kugaagaa, harufu ipi ni ya rafiki na ipi ni ya hatari, na namna ya kuishi na faru wengine bila kuumizana. Elimu hiyo yote ina mwalimu mmoja. Ndiyo maana kumpoteza jike mmoja aliyekomaa ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana kwenye hesabu: hupotea yeye, hupotea ndama aliye tumboni, na aliye ubavuni hubaki bila mwongozo.

Nasima, jike aliyekwenda Ulaya

Zamani faru weupe wa Uganda walikuwa na makao yao upande wa magharibi wa mto Nile, katika eneo la West Nile. Walikuwa wa jamii ya kaskazini, walioenea pia Sudan, kaskazini mashariki mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Chad. Mwaka 1910 rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliweka kambi katika ukingo huo wa mto, na yeye na mwanawe Kermit wakaua faru weupe tisa, kwa maelezo kwamba walihitajika katika makumbusho. Mahali panapoitwa Rhino Camp, yaani kambi ya faru, pangali na jina hilo hadi leo. Wanaoijua zaidi siku hizi ni wakimbizi waliopewa makazi huko. Faru hakuna hata mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya faru hao walivushwa mto na kupelekwa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls ili wapate usalama. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wakati huo Uganda ilikuwa na faru wapatao 700, weupe na weusi kwa pamoja. Kisha yakaja mapinduzi, vita na silaha zilizozagaa kila mahali. Pembe ya faru, ambayo kwa hakika ni kitu cha aina moja na kucha za mwanadamu, ilikuwa na wanunuzi Yemen kwa ajili ya mipini ya majambia, na Asia ya mashariki kwa ajili ya dawa. Kufikia mwaka 1983 faru walikuwa wamekwisha Uganda.

Nasima alikuwa amekwisha kuondoka kabla ya hapo. Alikamatwa Uganda akapelekwa Uingereza, katika bustani ya Knowsley iliyo karibu na Liverpool, ambako alichanganywa na faru wa jamii ya kusini. Mwaka 1977 alihamishwa tena, safari hii hadi zuu ya Dvůr Králové katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Zuu hiyo ilikuwa na kundi la faru weupe wa kaskazini waliokamatwa Sudan mwaka 1975, akiwamo dume mdogo aliyepewa jina la nchi yake, Sudan. Nasima alifika akiwa na mimba. Novemba 1977 alimzaa Nasi, jike ambaye baba yake alikuwa faru wa kusini, kwa hiyo alikuwa chotara.

Maisha aliyoyakuta huko yalikuwa kinyume cha West Nile kwa karibu kila namna. Katika majira ya baridi faru hawawezi kuachwa nje. Hukaa ndani ya mabanda yenye joto, wakila majani makavu. Hakuna umbali wa kutembea, wala mto wa kuutafuta. Hata hivyo Nasima alizaa. Mwaka 1980 alimzaa Suni, dume, ambaye ndiye faru mweupe wa kaskazini wa kwanza kutungwa mimba na kuzaliwa akiwa kifungoni. Mwaka 1983 alimzaa Nabire. Mwaka 1989 alimzaa Najin, ambaye baba yake alikuwa Sudan. Najin naye alimzaa Fatu tarehe 29 Juni 2000.

Orodha hiyo ni fupi, na inastahili kusomwa polepole, kwa sababu imekamilika. Katika historia yote ya zuu duniani, faru weupe wa kaskazini waliozaliwa humo bila kuchanganyika na jamii ya kusini ni hao wanne tu. Watatu walitoka tumboni mwa Nasima na wa nne tumboni mwa binti yake. Majike wengine waliokamatwa pamoja na Sudan waliishi miaka mingi katika mabanda hayohayo, wakila chakula kilekile, wasipate ndama hata mmoja.

Chakula, wenzi na miaka ya kungoja

Nini kilimtofautisha Nasima? Hakuna jibu moja, lakini utafiti uliofanywa kwa faru weupe wa zuu mbalimbali umeonyesha mambo kadhaa yanayomzuia jike kuwa mama.

La kwanza ni wenzi. Faru weupe majike hupenda kuishi pamoja, na dume hupata hamu anapokuwa na mpinzani au anapokutana na jike asiyemjua. Dume na jike wakiwekwa wawili tu, na hasa wakiwa wamekua pamoja tangu utotoni, mara nyingi huishi kama kaka na dada. Mtindo wa zuu nyingi za zamani wa kuweka jozi moja ya kila mnyama, kana kwamba ni safina ya Nuhu, uliwafaa watazamaji zaidi kuliko wanyama wenyewe. Nasima aliletwa kutoka mahali pengine na alikuwa mgeni machoni pa madume wa Dvůr Králové. Huenda hilo lilimsaidia.

La pili ni chakula. Watafiti wa zuu ya San Diego nchini Marekani waligundua kwamba soya na alfalfa, ambazo ziliwekwa kwa wingi katika chakula cha faru wa zuu, zina kemikali zinazofanana na homoni za kike. Binti anayezipata tangu akiwa tumboni mwa mama yake anaweza kukua akiwa na mwili wenye afya lakini usioshika mimba. Chakula hicho kilipopunguzwa, baadhi ya majike waliokuwa wamekatiwa tamaa walizaa. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mkono uliowalisha kwa nia njema ndio uliowafunga uzazi.

La tatu ni muda. Porini jike aliyekomaa huwa na mimba au ananyonyesha karibu wakati wote. Akikaa miaka mingi bila mimba, mfuko wake wa uzazi huanza kupata uvimbe na vifuko vya maji, na kila mwaka unaopita humfanya awe mgumu zaidi kushika mimba. Nabire, binti wa pili wa Nasima kwa Dvůr Králové, hakupata mtoto kamwe; alikufa Julai 2015 baada ya kifuko cha maji kupasuka tumboni mwake. Najin alizaa mara moja tu. Fatu hajazaa.

Nandi, jike aliyekuja Nakasongola

Wakati Suni, Najin na Fatu wakizeeka Ulaya, Uganda ilikuwa imeanza kutafuta namna ya kupata faru tena. Mfuko wa Faru Uganda ulianzishwa mwaka 1997, na mwaka 2005 eneo la ufugaji wa ng'ombe huko Nakitoma, wilayani Nakasongola, lilizungushiwa uzio wa umeme na kuwa Hifadhi ya Faru ya Ziwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 70. Faru wanne walinunuliwa kutoka shamba la Solio nchini Kenya. Mwaka uliofuata wawili zaidi waliletwa kwa ndege kutoka Florida, zawadi ya bustani ya Disney's Animal Kingdom: dume aliyeitwa Hasani na jike aliyeitwa Nandi.

Nandi alikuwa mnyama wa zuu katika maana zote za neno hilo. Alizoea kuletewa chakula, kutazamwa na wageni, kuitwa kwa jina na watunzaji. Huko Ziwa alipaswa kutafuta nyasi mwenyewe katika nyika yenye mabwawa na vichaka, kuzoea wadudu na joto la kwao asilia asikokujua, na kuelewana na faru wa Kenya. Mpito huo ulifanywa hatua kwa hatua, kutoka zizi dogo hadi eneo kubwa, huku askari wa wanyamapori wakimfuata kila faru kwa saa 24 kila siku, desturi iliyoendelezwa hadi sasa.

Tarehe 24 Juni 2009 Nandi alizaa ndama dume. Baba yake alikuwa Taleo, mmoja wa madume waliotoka Kenya. Ndama mwenye baba Mkenya na mama Mmarekani, aliyezaliwa miezi mitano baada ya Barack Obama kuapishwa kuwa rais, angepewa jina gani tena? Aliitwa Obama. Kicheko cha Waganda kuhusu jina hilo kilisaidia kuitangaza habari kuliko taarifa yoyote rasmi ingalivyoweza.

Majike wawili wa Kenya, Bella na Kori, nao walianza kuzaa baada ya muda mfupi, na Nandi hakuishia kwa ndama mmoja. Kutoka sita, faru wa Ziwa wameongezeka na kupita 40. Tofauti kati yao na jozi iliyokaa Entebbe haikuwa katika upendo wa watunzaji wala ubora wa madaktari. Ziwa kulikuwa na majike watatu na madume watatu, nafasi ya kukimbiana na kutafutana, na nyasi zinazoota zenyewe. Mama huyo wa zuu hakuhitaji kufundishwa umama. Alihitaji jirani wa kike, madume wa kuchagua, na mahali pa kujificha na ndama wake mchanga bila kuonwa na mtu.

Hata hivyo furaha ya Ziwa ina kasoro inayosahaulika katika vichwa vya habari. Faru wa hifadhi hiyo ni wa jamii ya kusini. Asili yao ni kusini mwa Afrika, na wale wa Solio ni wazao wa faru walioletwa Kenya kutoka huko. Si ndugu wa Nasima. Wanakula nyasi zilezile na kufanya kazi ileile katika mazingira, na hilo si jambo dogo, lakini faru wa West Nile ni mwingine. Isitoshe, ndama wote hao chimbuko lao ni wazazi sita, na hifadhi hiyo ni moja, ndani ya uzio mmoja. Ugonjwa mmoja mkali ungeweza kuigusa hazina yote. Ndiyo sababu Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imekuwa na mpango wa kuwapeleka faru katika maeneo mengine, likiwamo pori la akiba la Ajai huko West Nile, ambako faru weupe wa kaskazini waliishi zamani.

Binti na mjukuu

Porini faru weupe wa kaskazini walibaki katika Hifadhi ya Taifa ya Garamba, Kongo. Mwaka 1984 walihesabiwa 15, wakalindwa mpaka wakakaribia 30, kisha vita na magenge ya majangili yakawamaliza katika miaka ya 2000. Desemba 2009 zuu ya Dvůr Králové ilichukua hatua iliyoonekana kuwa ya mwisho: iliwasafirisha Sudan, Suni, Najin na Fatu hadi hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, kwa matumaini kwamba jua, nyasi na nafasi vingewafanyia kile vilichomfanyia Nandi. Mwaka 2012 Suni na Najin walionekana wakipandana. Mimba haikupatikana. Miaka ya kungoja ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Suni alikufa Oktoba 2014, na Sudan, dume wa mwisho, tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45.

Waliobaki duniani ni Najin na Fatu, binti na mjukuu wa jike kutoka Uganda. Najin ana miguu dhaifu ya nyuma na uvimbe katika njia ya uzazi. Fatu ana mfuko wa uzazi usioweza kubeba mimba.

Watu wa Kampala husema kwa utani kwamba hakuna chombo kisichoweza kutengenezwa Katwe: leta kipuri kilichovunjika, fundi atakichonga kingine. Wanasayansi wa mradi wa BioRescue, unaoongozwa na Thomas Hildebrandt wa taasisi ya Leibniz mjini Berlin, wanajaribu jambo linalokaribia hilo kwa kiumbe hai. Tangu Agosti 2019 wamekuwa wakichukua mayai ya Fatu, wakiyapeleka kwa ndege hadi maabara nchini Italia na kuyarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, Suni akiwa mmoja wao. Najin aliondolewa katika kazi hiyo mwaka 2021 kwa sababu ya umri na afya yake. Kwa njia hii vimepatikana viinitete zaidi ya 30, vinavyotunzwa katika baridi kali. Vinahitaji tumbo la kuvibeba, na tumbo hilo litakuwa la jike wa kusini, jamaa wa Nandi.

Septemba 2023 jike wa kusini aliyeitwa Curra alipandikizwa kiinitete cha jamii yake mwenyewe, ili njia hiyo ijaribiwe kwanza. Mimba ilishika, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa faru yeyote. Kisha mvua kubwa zilinyesha Ol Pejeta, zikafukua vijidudu vilivyokuwa vimelala ardhini, na Curra akafa kwa maambukizi. Alipopasuliwa alikutwa na mtoto dume wa siku 70, mwenye urefu wa sentimita 6.4. Njia ilikuwa imethibitishwa, na mama alikuwa amekufa.

Sasa kuna haraka, na haitokani na viinitete, ambavyo vyaweza kukaa kwenye baridi kwa miaka mingi. Inatokana na Najin na Fatu. Ndama wa kwanza akizaliwa wangali hai, atakuta wakubwa wawili wa jamii yake wa kumwonyesha namna faru wa kaskazini wanavyokwenda, wanavyoitana na wanavyolisha. Akizaliwa baada yao, atakuwa na damu ya West Nile na malezi ya kusini peke yake. Jambo la kushangaza ni kwamba hata Najin na Fatu, waliokulia zuu, walihitaji mwalimu: waliwekewa jike wa kusini aitwaye Tauwo, aliyezaliwa Afrika, ili wajifunze kwake mambo ya nyika ambayo mabanda ya Ulaya hayakuwafunza.

Kwa mkazi wa Katwe anayetaka kumwona faru mama na ndama wake, barabara ni ile ya Gulu, kupitia Luwero na Nakasongola hadi Nakitoma, ambako gari huacha lami na kuingia Ziwa. Wageni hutembea kwa miguu wakiongozwa na askari, hukaa mbali kiasi, na huongea kwa sauti ya chini. Kundi la wageni likimkuta jike mwenye ndama mchanga, askari huinua mkono kuwasimamisha, na kama mama amegeuka kuwaelekea wao huku masikio yameinuka, wote hurudi nyuma ya mti ulio karibu na kumwacha apite kwanza.